Mafuta Yanayoipasa Motere ya Mazutu

Barabara ya taifa namba 5 hutoka Uvira ikielekea kusini, ikifuata ukingo wa Ziwa Tanganyika mpaka Baraka, mwendo wa kilomita zipatazo 90. Kisha huuacha ufuo na kupanda milima hata Fizi. Maji ya ziwa yako kwenye kimo cha mita 770 hivi juu ya bahari, na Fizi iko juu zaidi ya mita 1,000. Motokaa itokayo Baraka ikiwa na mizigo hupanda kwa nguvu zake zote, katika vumbi wakati wa kiangazi na katika matope wakati wa masika.

Kwa Wakatoliki barabara hiyo ina kumbukumbu kubwa. Siku moja tu, tarehe 28 Novemba 1964, Bruda Vittorio Faccin na Padre Luigi Carrara waliuawa Baraka, na Padre Giovanni Didonè pamoja na Abbé Albert Joubert waliuawa Fizi. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kanisa liliwatangaza kuwa wenye heri. Nao mahujaji waendao kuwaheshimu hupanda mlima ule ule.

Lakini si mahujaji tu. Motokaa za njia hii hupeleka mihogo na mafuta ya mawese sokoni, hupeleka vitabu shuleni na dawa zahanati. Usiku humchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa, ambaye mumewe amemshika mkono akihesabu vilima vilivyosalia. Motere ikifa katikati ya mlima, mwenye motokaa hapati hasara peke yake. Kwa hiyo twataka leo kusema na wasomaji wetu, madereva na mafundi, wenye motokaa na wanafunzi watakaokuwa mafundi kesho, juu ya jambo ambalo wengi hulidharau: kuchagua mafuta ya motere. Tutalotaka kulionyesha ni hili moja: mafuta hayachaguliwi kwa rangi yake, wala kwa uzito wake mkononi, wala kwa bei yake. Huchaguliwa kwa kitabu cha motere na kwa maandishi yaliyo juu ya kopo.

MOTO USIO NA CHECHE

Yatupasa kwanza kuielewa motere yenyewe. Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, aliionyesha motere yake ikifanya kazi vema huko Augsburg mwaka 1897. Jina lake ndilo lililobaki katika neno dizeli, ambayo sisi wa Kongo twaiita mazutu.

Motere ya petroli huwasha moto wake kwa cheche ya umeme. Motere ya mazutu haina cheche. Pistoni huibana hewa mpaka ibaki sehemu ndogo sana ya nafasi yake ya kwanza, pengine moja ya ishirini. Hewa ikibanwa hivyo hupata joto kali, zaidi ya nyuzi 500, na mazutu yakinyunyizwa ndani yake huwaka yenyewe. Aliyewahi kujaza upepo katika baiskeli kwa pampu ya mkono ameona jinsi pampu ile inavyopata joto. Ni kanuni ile ile.

Kutokana na tabia hiyo yafuata mambo mawili. Jambo la kwanza, mishindo ya motere hii ni mikubwa, na vyuma vyake hukandamizwa kwa nguvu nyingi. Jambo la pili, mazutu yakiungua hutoa masizi, na sehemu ya masizi hayo hushuka kupita pete za pistoni na kuingia katika mafuta. Tena mazutu yenye salfa, yaani kiberiti, huzaa asidi ilayo vyuma.

Basi mafuta ya motere ya mazutu yana kazi nyingi kuliko kulainisha tu. Hulainisha vyuma visisuguane. Huondoa joto mahali ambapo maji ya rejeta hayafiki. Huyachukua masizi na kuyatawanya yasigandamane. Nayo huivunja nguvu asidi. Ili yaweze kazi hizo, kiwandani hutiwa dawa za namna mbalimbali. Dawa hizo hazionekani kwa macho wala hazisikiki kwa vidole, lakini ndizo zitofautishazo mafuta mema na mabaya.

WEUSI SI UBAYA

Hapa twakuta kosa la kwanza. Watu wengi huvuta kijiti cha kupimia, huona mafuta meusi, nao husema, “Mafuta yameharibika.” Wengine hununua mafuta fulani kwa sababu tu hubaki ya njano muda mrefu. Kumbe katika motere ya mazutu mafuta mema huwa meusi upesi, pengine siku zile zile yalipotiwa, kwa kuwa yanafanya kazi yake: yamekusanya masizi na kuyachukua. Mafuta yasiyogeuka rangi huenda yameyaacha masizi yashikamane ndani ya motere, kama mtumishi ambaye nguo zake ni safi daima kwa sababu hajapata kufagia nyumba.

Kosa la pili ni kuyasugua mafuta kati ya vidole na kusema, “Haya ni mazito, kwa hiyo ni bora.” Uzito upitao kiasi ni hasara. Asubuhi motere ikiwashwa, mafuta mazito mno hukawia kufika juu kwenye vali, na katika dakika hizo chuma husuguana na chuma. Na kidole hakiwezi kupima uzito wa mafuta yakiwa na joto la nyuzi 100, nalo ndilo joto ambalo motere hulijua.

KUSOMA KOPO

Mwanafunzi ajuaye kusoma namba na herufi aweza kumsaidia baba yake kuliko fundi abahatishaye. Juu ya kopo hutafutwa mambo mawili.

La kwanza ni namba za uzito, ambazo huandikwa baada ya herufi SAE, jina la chama cha wahandisi wa motokaa kilichoanzishwa Marekani mwaka 1905. Tuchukue mfano wa 15W-40, mafuta ambayo motere nyingi za mazutu huyatumia. Namba ya pili, 40, yaonyesha uzito wa mafuta yakiwa na joto la nyuzi 100, motere ikiwa kazini. Namba ya kwanza, yenye W, yahusu baridi. Mafuta ya 15W hujaribiwa katika baridi ya nyuzi 20 na zaidi chini ya sifuri, baridi ambayo Fizi haijaiona kamwe. Kwa hiyo katika nchi yetu ni ile namba ya pili itakiwayo kuangaliwa zaidi. Vitabu vingi vya motere za zamani hukubali 15W-40 au 20W-50 mahali pa joto kama Baraka, na vingine hukubali hata SAE 40 yenye namba moja tu. Motere mpya nyingine zimetengenezwa kwa mafuta mepesi, kama 5W-30. Njia za mafuta ndani yake ni nyembamba, na kuzitilia mafuta mazito ni kuzidhuru. Ndiyo maana twasema kitabu kifuatwe, wala jirani asiigwe.

Jambo la pili, nalo ndilo wengi hawalitazami, ni daraja la mafuta, liandikwalo baada ya herufi API. Daraja lianzalo na S ni la motere za petroli. Daraja lianzalo na C ni la motere za mazutu. Kopo lililoandikwa daraja la S peke yake lisiingie katika motere ya mazutu, hata kama namba zake za uzito ni sawa. Yako makopo yenye herufi zote mbili, nayo yaweza kutumika ikiwa daraja lile la C ndilo liombwalo na kitabu.

Baada ya C hufuata herufi nyingine, na kadiri alfabeti inavyosonga mbele ndivyo daraja lilivyo jipya. CF-4 lilitoka mwaka 1990, CG-4 mwaka 1995, CH-4 mwaka 1998, CI-4 mwaka 2002, na CK-4 mwishoni mwa mwaka 2016. Vitabu vya motokaa za miaka ya 1990 mara nyingi hutaja CD, CE au CF-4. Mwenye motokaa hiyo asihangaike kutafuta daraja lililokwisha pitwa na wakati, kwa maana mafuta ya CH-4 na CI-4 yamekubaliwa kutumika mahali pa hayo.

Lakini tusidhani kwamba jipya ni bora kwa kila motere. Mafuta ya CK-4 yalikusudiwa hasa motere za siku hizi, ambazo katika bomba la moshi zina chujio la kukamata masizi, na yalipangwa yaende na mazutu yenye salfa kidogo. CH-4 na CI-4 yalipangwa yavumilie mazutu yenye salfa mpaka nusu ya sehemu moja katika mia. Nchi za Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilikubaliana kwamba tangu mwaka 2015 mazutu yasizidi sehemu 50 za salfa katika milioni. Hata hivyo, anunuaye mazutu kando ya njia katika madumu ya plastiki hawezi kujua yametoka wapi wala yamechanganywa na nini. Kwa motokaa ya zamani iishiyo kwa mazutu ya namna hiyo, CH-4 au CI-4 ni uchaguzi wa busara. Na mwenye motokaa mpya yenye chujio la masizi akifuate kitabu chake barabara, kwa maana mafuta yasiyofaa hulijaza chujio lile majivu yasiyoweza kuungua.

KILA MASHINE NA MAFUTA YAKE

Katika Baraka mashine ni za namna nyingi. Ufuoni mna mitumbwi yenye motere za petroli, barabarani mna pikipiki, nyuma ya maduka hunguruma jenereta. Mafuta ya zote hizi huweza kukaa juu ya ubao mmoja, nayo hufanana kama watoto pacha. Lakini mafuta ya motere ya mtumbwi ya namna ya mipigo miwili hutengenezwa yachanganywe na petroli na kuungua pamoja nayo. Hayakutengenezwa yakae ndani ya motere ya mazutu wiki baada ya wiki. Mafuta ya pikipiki ni ya petroli. Mafuta ya giaboksi, yenye namba kama 90 na alama ya GL, ni ya meno ya gia tu.

Tuseme kijana mmoja dereva aingia dukani.

“Jambo, Papa. Nipe mafuta ya motere, lita tano.”

“Jambo, mwanangu. Wataka ya bei gani?”

“Ya bei nafuu, Papa. Tajiri wangu hana fedha.”

Mazungumzo ya namna hiyo hupotosha tangu neno la kwanza. Mwuzaji mwema angeuliza, “Ni ya motere gani? Kitabu chake chasema nini?” Na dereva mwema angejibu, “Ni Land Cruiser ya mazutu, ya zamani. Naomba 15W-40, daraja la CI-4.” Maneno haya machache yangemwokolea tajiri fedha nyingi kuliko punguzo lolote la bei. Pale ambapo kitabu kimepotea, dereva amwulize fundi aijuaye motere ya namna ile, kisha aliandike jibu kwenye kipande cha karatasi na kukibandika ndani ya mlango wa motokaa, ili naye atakayemfuata apate kujua.

HADAA YA MAKOPO

Lazima tuseme pia juu ya uovu mmoja uliomo katika biashara hii. Wako watu wakusanyao mafuta yaliyokwisha tumika, wakayachuja kwa kitambaa, wakayatia katika makopo yenye majina mazuri, na kuyauza kama mapya. Mafuta hayo yamekwisha poteza dawa zake, na ndani yake mna chembe za chuma. Atendaye hivyo asidhani kwamba amefanya ujanja wa soko. Ameiba, na mgonjwa akichelewa njiani kwa sababu hiyo, hesabu yake itakuwa kubwa kuliko bei ya kopo.

Mnunuzi ajilinde hivi. Atazame muhuri wa kifuniko kama haujavunjwa. Atazame karatasi ya kopo kama maandishi yake ni safi, na kama pana namba ya kiwanda na tarehe. Akifungua, anuse: mafuta mapya hayanuki kuungua. Akimimina, aangalie kama chini mna tope. Bei ikiwa chini mno kuliko ya maduka mengine, ajiulize sababu. Na akimaliza, alitoboe kopo tupu kabla ya kulitupa, ili mdanganyifu asilijaze tena.

KUYAPIMA NA KUYABADILISHA

Hata mafuta bora huchoka. Kitabu kikiagiza kuyabadilisha baada ya kilomita nyingi, kwa kawaida huongeza kwamba mahali pa vumbi, mizigo mizito na milima muda huo upunguzwe. Hali hizo zote tatu ni za kila siku kati ya Baraka na Fizi. Madereva wengi waangalifu wa njia kama hizi hubadilisha kila kilomita 5,000, nao hawajuti. Kufanya vidanji, kama wasemavyo mafundi wetu, si kumwaga mafuta tu. Chujio la mafuta nalo libadilishwe, la sivyo mafuta mapya hupita katika uchafu wa zamani. Chujio la hewa lisisahauliwe pia, kwa maana vumbi la barabara lina chembe za mchanga, nazo zikiingia husaga pistoni kama jiwe la kusagia.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, motokaa ikiwa mahali tambarare, dereva avute kijiti, akifute, akirudishe, akivute tena. Mafuta yawe kati ya alama mbili. Yakiwa chini ya alama ya chini, aongeze. Asizidishe juu ya alama ya juu, kwa maana shafti huyapiga mafuta yaliyozidi hata kufanya povu, na povu halilainishi. Akiona kiasi kimeongezeka bila kutiwa kitu, ajue mazutu au maji yanaingia. Mafuta yakiwa na rangi ya maziwa, maji yamekwisha ingia, na motere isiwashwe mpaka fundi ameitazama. Jambo hili liangaliwe hasa baada ya kuvuka mto uliofurika.

Kuna jaribio dogo ambalo hata mwanafunzi aweza kulifanya. Mimina tone moja la mafuta kutoka kwenye kijiti juu ya karatasi nyeupe inyonyayo vizuri, uliache mpaka kesho yake. Weusi ukienea taratibu kuelekea pembeni, mafuta bado yana nguvu ya kuyatawanya masizi. Ukibaki doa jeusi zito katikati, lenye pete ya mafuta matupu kuizunguka, nguvu hiyo imekwisha. Jaribio hili halionyeshi yote, lakini ni onyo jema.

Na motokaa yenye turbo, ikifika Fizi baada ya kupanda, isizimwe mara moja. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na mafuta ndiyo yanayoipoza. Iachwe inguruma polepole dakika moja au mbili, ndipo ufunguo ugeuzwe.

MAFUTA YALIYOTUMIKA NA ZIWA LETU

Liko jambo la mwisho. Yale mafuta meusi yaliyotolewa huenda wapi? Mara nyingi humwagwa nyuma ya karakana, nayo mvua huyachukua mpaka mtoni, na mto huyachukua mpaka ziwani. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina, na maji yake hutoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, karibu na Kalemie. Kinachoingia humo hukaa mamia ya miaka. Katika maji hayo wavuvi wetu hupata ndagala na mikebuka, na katika maji hayo mama zetu huteka ndoo za nyumbani. Mafuta yaliyotumika yana sumu, nayo hayafai kupakwa mwilini wala kutupwa penye maji. Yakusanywe katika pipa lililofunikwa, mbali na mto na kisima, mpaka apatikane wa kuyachukua kwa kazi iliyo halali. Na fundi aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Katika Injili twasoma habari za wanawali kumi waliomngoja bwana arusi. Wote kumi walikuwa na taa, na kwa nje hawakutofautiana. Tofauti ilionekana usiku wa manane, nayo ilikuwa ya mafuta: watano walikuwa wameyafikiri mapema, na watano hawakuyafikiri. Dereva wa Baraka naye hajui ni usiku gani atakapogongewa mlango ili apeleke mgonjwa. Saa hiyo hakuna duka lililo wazi, wala nafasi ya kusoma kitabu. Lililofanywa mchana, dukani na karakanani, ndilo litakalompandisha mlimani au kumwacha njiani.

Basi wazazi wenye motokaa wawape madereva wao fedha za mafuta yapasayo, wala wasiwalaumu kwa kukataa yasiyofaa. Wauzaji wauze kwa haki. Nanyi wanafunzi, jifunzeni kusoma kopo kama msomavyo vitabu vyenu, kwa maana siku moja ninyi ndio mtakaoishika barabara hii.